Mkazi Ameridhia

Karatasi aliyoletewa Mwantumu atie saini ilikuwa na kurasa kumi na mbili, na katika kurasa zote hizo jina la marehemu lilitajwa mara moja tu, tena kwa kukosewa. Walikuwa wameandika Tuni. Mwantumu alichukua kalamu, akaikata ile i, akaandika u juu yake, ndipo akaanza kusoma.

"Hilo dogo, dada fundi," alisema Wakili Respicius Bashange. "Vijana watalirekebisha."

"Dogo kwa nani?"

Wakili alitabasamu. Suti yake ilimkaa vizuri na ofisi yake ilinukia peremende. Kazi yake ilikuwa kuitetea Kampuni ya Boma Tulivu, wenye majengo kumi na tisa katika jiji la Tanga. Katika mojawapo, Jengo la Mvuleni, orofa ya nne, Tunu Mhando aliuawa saa nne asubuhi na mwizi aliyeingia akidhani hakuna mtu, akamkuta kwenye cherehani. Mwizi alikamatwa na alikuwa ameshafungwa. Kilichobaki ni kesi ya madai. Baba yake Tunu, Mzee Mhando, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa anaishtaki kampuni kwa uzembe, kwamba ilimwahidi mwanawe mlango unaolinda, ikampa mlango usiolinda.

Mlango huo aliufundisha Mwantumu.

Kwa maana milango ya miaka hii haifungwi kwa ufunguo. Inafundishwa. Ndani ya fremu zake inakaa akili inayoitwa Bawabu, yenye macho na masikio, na kila anayekaribia hupewa alama. Sura inayojulikana ni alama sitini. Mwendo unaojulikana ni ishirini. Lakini wapo akina mama wanaofunika nyuso, na wapo wazee waliobadilika mwendo baada ya kuugua, hivyo Mwantumu aliongeza jambo la tatu: mtu akipokewa na mkazi, apate hamsini. Hamsini zilitosha kufungua geti la uani, lililotaka arobaini. Hazikutosha kufungua mlango wa ngazi, uliotaka sabini. Kati ya geti na ngazi alikaa mlinzi, binadamu, na kiti chake na chupa yake ya chai.

Kampuni ikamwondoa mlinzi. Miezi miwili baadaye mama mkwe wa mkurugenzi, aliyekuja kumtembelea mpwa wake, akasimama kwenye mvua dakika ishirini mbele ya mlango wa ngazi, sufuria la pilau mkononi. Kesho yake, kwa majengo yote kumi na tisa, sabini ikashushwa ikawa arobaini na tano.

Mwantumu aliandika barua tatu kuuliza nani ameshusha. Barua ya kwanza ilijibiwa kwa shukrani. Mbili hazikujibiwa.

Alifika ukurasa wa tisa. Pale paliandikwa: Bawabu hakukosea. Mkazi aliridhia.

"Mkazi gani?" aliuliza, ingawa alijua. Alikwisha kusikiliza kumbukumbu za mlango mara nyingi mno.

"Hatumtaji, na huo ndio uungwana wa karatasi hii." Wakili aliegemea mbele, akashusha sauti kama anayeongea msibani. "Wewe unajua, mimi najua. Mzee Mhando hajui. Ana miaka sabini na sita, dada yangu. Unataka asikie mbele ya watu kwamba ni yeye aliyemfungulia mtu yule?"

Mwantumu aligeuza ukurasa.

"Ukisaini, tunasema mkazi mmoja, hajulikani. Mzee anapewa rambirambi, anarudi kwake kwa amani. Usiposaini, itabidi tuulize ni mkazi yupi, na Bawabu atacheza sauti yake mahakamani. Uchaguzi ni wako. Sisi tunamhurumia mzee."

Mwantumu hakuwa mwepesi wa kumhukumu mtu. Maisha yake yote amefungua vitu vilivyoharibika, na alijifunza kwamba kilichoharibika kina sababu. Kwa hiyo alimtazama Bashange kwa utaratibu, kipande kwa kipande, akitafuta kama kuna hofu ndani yake, au aibu, au hata uchovu. Alikuta mpango tu. Mtu huyu alimchukua baba mfiwa akamweka mbele ya kampuni kama gunia la mchanga la kukinga risasi, na alitegemea kushukuriwa.

Akaikunja ile karatasi, akaitia mkobani bila saini.

"Una mpaka Alhamisi," alisema Bashange.

"Jina ni Tunu," alisema Mwantumu, akaondoka.

* * *

Jumatatu asubuhi alikwenda Mvuleni na Wakili Edna Chilongola, mtetezi wa Mzee Mhando, wakiwa na amri ya mahakama ya kuukagua mlango. Edna alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka, na hakuwa ameelewa bado kosa liko wapi. Kila alipouliza, Mwantumu alimwambia ataona.

Alimvisha kofia ngumu ya pikipiki yenye kioo cheusi, koti refu la kiume juu.

"Nasalimia, basi?"

"Unasalimia, basi."

Bi Mwanakombo wa orofa ya kwanza alikuwa anarudi kutoka sokoni na kikapu cha mchicha, ameukaribia mlango wa ngazi. Edna akasogea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, za huko?" alijibu Bi Mwanakombo, macho yakiwa kwenye kikapu, akaingia zake.

Mlango ulikuwa umeanza kujifunga nyuma yake. Ukasita. Taa ndogo ya kijani ikawaka, na sauti laini ya kike, sauti ambayo kampuni iliinunua kwa kuwa ilipendwa na wateja, ikasema: "Mkazi ameridhia. Karibu nyumbani." Mlango ukafunguka wote.

Edna alivua kofia. "Yesu wangu."

Bi Mwanakombo aligeuka pale ngazini. "Kumbe mwanamke! Na hilo dude kichwani la nini?"

"Samahani bibi, tunakagua mlango."

"Kagueni na lifti basi. Wiki ya tatu hii napanda kwa miguu kama mbuzi."

Walirudia mara nne, na mara zote nne mlango ukafunguka. Mtu mmoja tu alitaka kupita bila kuitikia, bwana mmoja mwenye mvi aliyekuwa anagombana na mtu kwenye simu, na mkewe akampiga begani. "Wewe, mtoto wa watu anakusalimu!" Bwana akasema marahaba, Bawabu akasema mkazi ameridhia.

Edna alikaa kwenye benchi la nje, akahema. "Nani alikifundisha hiki kitu kwamba marahaba ni ruhusa?"

"Mimi." Mwantumu alibaki amesimama. "Nilirekodi sauti za watu wiki kumi na moja, kwetu, kwenye uwanja wa nyumba zetu. Nyumba sita, wote tunajuana, mgeni haingii ila kaletwa. Kila aliyesalimu aliitikiwa, na kila aliyeitikiwa alikaribishwa ndani. Bawabu hajawahi hata mara moja kusikia mtu akimwitikia asiyemjua. Kosa hilo ni langu. Nililiwekea hamsini na mlinzi, nikaona inatosha."

"Na wao wakaondoa mlinzi, wakashusha alama."

"Na wameibiwa wakazi wawili kabla ya Tunu. Machi na Juni. Nimesikiliza kumbukumbu. Salamu zile zile, na wao wanazo hizo kumbukumbu kama mimi."

Edna alisimama tena, amechangamka. "Dada Mwantumu, hii ndiyo kesi. Walijua! Ukisema hivi Alhamisi, wamekwisha." Kisha akaiweka kofia chini. Alimtazama mwenzake, halafu akalitazama benchi alilokuwa amekalia, ambalo Mzee Mhando alizoea kukaa. "Siku ile. Nani aliitikia?"

Mwantumu alitazama orofa ya nne.

"La hasha," alisema Edna taratibu.

"Nitamwambia mimi. Leo. Asiambiwe na Bashange."

"Na akikuomba usiseme mahakamani?"

"Sijui," alisema Mwantumu, na lilikuwa jibu la kweli.

* * *

Mzee Mbaruku Mhando alikuwa mpima ubora wa mkonge kabla mashine hazijachukua kazi hiyo. Miaka arobaini ya kupitisha nyuzi kati ya vidole ilimwachia vidole vya ngozi nyororo isiyo na mistari, na macho yake yalikuwa na ukungu. Alimtambua Mwantumu kwa sauti, akamkaribisha, akabandika chai kabla hajaulizwa kama anakunywa. Cherehani ya Tunu ilikuwa pale pale dirishani, imefunikwa kitenge.

"Mkaguzi umemaliza?" alisema. "Nambie basi. Kitasa kilivunjwa na nini?"

Mwantumu alishika kikombe kitupu kwa mikono miwili.

"Maana mimi nilikuwa pale chini, mwanangu, kwenye benchi. Tangu saa mbili. Nimewaza usiku na mchana. Hakupita mtu mbaya. Walipita watu, wakasalimu, wakapanda. Mwizi hasalimu. Kwa hiyo nasema atakuwa alipitia nyuma, akavunja."

"Hakuvunja, baba."

"Alipitia wapi?"

Angeweza kusema hajui. Bashange angefurahi, Mzee angekunywa chai yake, na mlango ule chini ungeendelea kumkaribisha nyumbani kila mwenye adabu ya dakika moja. Kulikuwa na majengo mengine kumi na nane. Mwantumu aliyawaza yote hayo, na bado kilichokuwa kigumu ni uso ulio mbele yake, uliotulia ukisubiri.

"Alipita mbele yako," alisema. "Alikusalimu."

Akaeleza yote, polepole, bila kuruka kitu: alama, geti, ngazi, mlinzi aliyeondolewa, mama mkwe na sufuria lake. Hakujificha nyuma ya maneno ya kifundi. Alipomaliza, chai ilikuwa imechemka ikamwagikia jiko, na hakuna aliyeinuka.

"Sauti yangu ipo?" aliuliza Mzee.

"Ipo."

"Nisikilizishe."

"Baba, si lazima."

"Nisikilizishe."

Mwantumu alitoa kidude chake chenye kumbukumbu za mlango, akakiweka mezani. Ikasikika honi ya mbali, kisha sauti ya kijana, changamfu: Shikamoo mzee. Na sauti ya Mzee Mhando, ikitoka kifuani kwa raha: Marahaba, baba. Hujambo? Sijambo mzee. Halafu ile sauti laini ya kike, na viatu vikipanda ngazi bila haraka.

Mzee alikipapasa kile kidude kwa vidole, akakirudisha mahali pake.

"Nilimwita baba," alisema.

"Ndiyo."

"Nikamuuliza na hali."

"Ndiyo, baba."

Alinyoosha mkono, akazima jiko kwa kupapasa. "Hizo hamsini. Uliziweka wewe?"

"Mimi."

"Na hao wakubwa wako, walijua kwamba mlango unafanya hivi?"

"Tangu Machi. Waliona ni nafuu kuliko mlinzi. Na sasa wanataka waseme uliridhia. Wakili wao ameniambia nikinyamaza watakuhifadhi, hawatakutaja. Ukitaka ninyamaze, niambie."

Mzee alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Wanihifadhi? Hao?" Alijifuta mikono kwenye shuka lake ingawa haikuwa na maji. "Kaseme kila kitu. Nitakuja na mimi." Kisha, Mwantumu alipokuwa anainuka: "Sikufukuzi, mwanangu. Ila leo nenda."

* * *

Alhamisi chumba cha mahakama kilijaa wakazi wa Mvuleni. Bi Mwanakombo alikuja na kapu, kana kwamba akitoka hapo atapitia sokoni. Sheria ilikuwa imekwisha kuruhusu akili za majengo zitoe ushahidi, kwa hiyo karani alikiweka kisanduku cha Bawabu mezani, cheusi, ukubwa wa kasha la viatu, na Jaji Ngwale akakiuliza mwenyewe.

"Bawabu, marahaba maana yake nini?"

"Mheshimiwa, marahaba ni idhini ya mkazi," lilijibu kasha. "Ulinzi wako ni furaha yetu."

Watu walicheka. Jaji hakucheka. Aliandika.

Mwantumu alitoa ushahidi wake kwa saa nzima. Alitaja tarehe ambayo sabini ilishushwa, akataja Machi, akataja Juni, akasoma barua zake tatu. Alisema pia ya wiki kumi na moja na uwanja wa nyumba zao, na kwamba kosa hilo lilikuwa lake. Bashange aliposimama kumhoji alianzia hapo hapo.

"Umesomea wapi kazi hii, mama?"

"Sikusomea. Nilijifunza."

"Kwa kutengeneza redio, si ndiyo?"

"Redio na pasi."

"Na pasi!" Aligeukia chumba chote, amefungua mikono. "Mheshimiwa, sina swali zaidi kwa fundi pasi."

"Mlango mmeununua kwa huyo fundi pasi," alisema Jaji bila kuinua kichwa. "Endelea na shahidi mwingine."

Shahidi mwingine alikuwa Mzee Mhando. Edna alimshika mkono mpaka kizimbani. Alimuuliza machache tu: alikaa wapi, alisikia nini, alijibu nini. Mzee alijibu kwa sauti sawa, na ule ukweli ambao Bashange aliuweka akiba kama kisu ukatoka mdomoni mwa mwenyewe, mchana kweupe. Nyuma, mwanamke mmoja alianza kulia, akatolewa nje.

Ikawa zamu ya Bashange. Alikuwa amepoteza silaha yake, lakini mtu wa aina ile hutafuta nyingine palepale. Alisogea karibu na kizimba, akainamisha kichwa kidogo, kwa heshima yote, kama wakili yeyote anayeanza na shahidi mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Pole sana kwa msiba. Nina swali moja tu. Mtu yule alipokusalimu, hakuna aliyekulazimisha umjibu, au siyo? Ulijibu kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Kwa hiyo uliridhia."

Mzee aliinua macho yake yenye ukungu kuelekea ilikotoka sauti.

"Na wewe nimekujibu sasa hivi," alisema. "Kwa hiari yangu. Hebu niambie, wakili, nimekuruhusu uingie chumbani kwa binti yangu?"

Bashange alirekebisha tai yake. Mwantumu alimtazama kwa makini, kama alivyomtazama ofisini, na safari hii aliona kitu kikipita usoni mwake, kidogo sana, akadhani huenda ni aibu. Lakini wakili alikuwa anatazama tu upande wa mkurugenzi wake, kuona kama mkurugenzi amekasirika. Mwantumu alimwondolea macho. Hakuwa na haja ya kumtazama tena.

"Jibu swali la mzee, Bwana Bashange," alisema Jaji.

"Mheshimiwa, shahidi haulizi maswali."

"Basi nauliza mimi."

Bashange alisema sheria ni pana. Alisema kuna tofauti kati ya hali na hali. Alisema kwamba teknolojia haiwezi kujua kilichomo moyoni, na alipogundua alichokisema alikaa chini.

Jaji Ngwale alisoma uamuzi wake mdogo kabla ya mapumziko ya saa saba. Utetezi kwamba mkazi aliridhia umetupwa. Kampuni ilete kumbukumbu za milango yote kumi na tisa, na kila mlango wa ngazi uwekewe mlinzi, binadamu, kabla ya jua kutua. Hukumu ya uzembe itafuata baada ya kumbukumbu kusomwa.

Wakazi walipiga makofi mpaka askari akawanyamazisha. Edna alimkumbatia Mwantumu kwa nguvu, karatasi zikamwanguka. Mkurugenzi alitoka kwa mlango wa pembeni, Bashange nyuma yake akimbebea mkoba.

Mzee Mhando alikuwa bado kizimbani, mikono juu ya ubao, kana kwamba hajaambiwa kuwa amemaliza. Karani wa mahakama, binti mwenye miwani, alikwenda kumvua kipaza sauti shatini. Alifanya hivyo kwa upole, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo babu," alisema. "Pole sana."

Midomo ya Mzee ilijongea. Mwantumu, akiwa hatua tano tu kutoka hapo, alilisubiri neno. Lakini kabla hajaitikia, Mzee aligeuza kichwa polepole, akautafuta mlango kwa macho yake mabovu, akautazama mpaka akahakikisha kwamba umefungwa.